Niliuza maksai wa baba mkwe, nikanunua bangi ya Kanada

Nimekosa jamani, na sina wa kumlaumu! Jina langu silitaji, ila hapa kijijini wameshanipa jingine: Bwana Bangi. Na sijawahi kuvuta hata mara moja!

Mimi ni mkulima wa mahindi na ulezi, nje kidogo ya Sumbawanga. Baba mkwe aliniachia maksai wake wawili nilimie, kwa sharti moja: mvua zikianza, naanza na shamba lake.

Msimu uliopita bei ya mahindi ilianguka, nikachoka kabisa. Siku moja nikapeleka simu mjini kutengenezwa. Fundi akaniambia, "Bro, bado unahangaika na mahindi? Kuna nchi bangi ni halali. Ni dawa, ni mafuta, mpaka biskuti! Kuna kampuni Kanada unanunua hisa zake kwa simu. Hushiki jani, unashika faida."

Halali! Faida! Nikawapeleka maksai mnadani, nikanunua hisa. Nyumbani nikadanganya kwamba nimewaazimisha kwa mfugaji wa Mtowisa.

Mwanzoni nilikuwa tajiri ndani ya simu. Nikaanza kutembea mikono nyuma kama diwani! Ghafla bei ikaporomoka, ikaporomoka tena. Nikamrudia fundi.

"Kule kila mtu kalima, bro. Mzigo umejaa maghalani. Kodi kubwa, na wavutaji bado wananunua vichochoroni kwa bei chee."

Yaani nimekimbia mahindi kwa sababu ya bei, nikaenda kuangukiwa na bangi! Nilipouza hisa, kilichorudi kilitosha jembe la mkono.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Mke wangu akanibana kuhusu maksai, nikashindwa. "Mama Devota, niliwekeza kwenye bangi."

Alipiga yowe! Majirani wakajaa, na mtendaji wa kijiji akafika na mgambo.

"Shamba liko wapi?"

"Kanada, mheshimiwa."

"Kanada ni kitongoji gani?"

Kabla sijajibu, mgambo wakawa wanang'oa mihogo yetu nyuma ya nyumba, eti majani yanafanana! Mke wangu aliwatimua kwa mwiko.

Mvua ya kwanza iliponyesha, baba mkwe akaja tukalime shamba lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Maksai wangu wako wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka biskuti. Akauliza, "Hiyo kampuni inaweza kuja kulima?"

"Hapana, baba."

"Basi vaa nira."

Nilidhani anatania. Jamani, nilivaa! Upande wa pili akafungwa punda wa jirani. Mke wangu akashika plau, watu wanatoka misa wanasimama kutazama. Aibu! Punda alikuwa na nguvu kunishinda, tukawa tunalima mviringo. Hadi leo baba mkwe akinihitaji shambani ananiita Simba, jina la maksai wake wa kushoto.

Wewe unayesoma, sikatai kwamba wapo waliopata. Lakini usiuze kinachokulisha, hasa kama si chako, ukanunua usichoweza kukieleza kwa mkeo bila kuitiwa mgambo. Kutaka utajiri si kosa. Ila pesa yako iende mahali ambapo bei ikianguka, utabaki na kitu cha kusonga ugali.