Siku Kumi na Moja Nilizozijaza Sifuri

Mdogo wangu, wewe unayekuja kukalia kiti changu, kabla hujawasha kompyuta naomba nikusimulie asubuhi moja ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa na miezi minne tu kazini hapa Kirumba. Kazi yangu ilikuwa hii unayoianza: kukusanya vipimo vya mikondo ya maji ya ziwa, yanakwenda kwa kasi gani, yanaelekea wapi, kwenye kina kipi, saa ngapi. Tunavipanga kwa mfumo mmoja na wenzetu wa Kenya na Uganda, ili yeyote atakayevihitaji avisome bila kutupigia simu.

Sasa, kifaa chetu kimoja kiliishiwa betri, kikakaa kimya siku kumi na moja. Kwenye jedwali zikabaki nafasi tupu. Mimi nafasi tupu huninyima raha. Niliwaza watasema mgeni huyu mzembe, nikawaza bosi ataniita, nikawaza na mengine ambayo naona aibu kuyaandika. Nikajaza sifuri. Jedwali likapendeza, nikalituma.

Wiki chache baadaye, asubuhi ile niliyoitaja, akaingia Mama Kulwa, mfugaji wa samaki kwenye vizimba, mkononi ana barua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyeandika kwamba ziwa limelala?"

Barua ilitoka ofisi ya vibali. Kikundi chake cha akina mama kilikuwa kimenyimwa eneo la vizimba, kwa sababu vipimo vilionyesha maji ya pale yamesimama siku kumi na moja mfululizo, na samaki waliofungiwa kwenye maji yasiyosogea hufa. Vifaranga wa samaki walikuwa wameshaagizwa. Ofisi haikukosea; ilisoma nilichoandika.

"Mama, huenda..."

"Huenda nini? Twende ukaone."

Tukaenda kwa mtumbwi mpaka eneo lenyewe. Maji yalikuwa yametulia hata nikauona uso wangu, na nakiri, moyoni nilianza kutumaini kwamba sifuri zangu zilikuwa kweli. Akatia nanga, akanipa kamba yenye ndoo ndogo ya kokoto. "Shusha."

Kamba haikushuka wima. Ilikwenda upande, ikakaza, ikatetemeka mikononi mwangu kana kwamba kuna mtu huko chini anaivuta. Juu hapakuwa na hata kiwimbi. Maji mengi kiasi kile, bila kelele yoyote, yalikuwa yanapita chini ya miguu yangu. Nani ajuaye yalikwenda wapi siku zile nilizoyaandika kuwa yamesimama?

"Chuo gani hicho kinafundisha ziwa kulala?" Mama Kulwa akacheka. Kisha akapunguza sauti. "Binti, kama hukuangalia, sema hukuangalia. Hakuna atakayekuchapa. Lakini usilisemee ziwa."

Nilirudi nikafuta sifuri zote, nikaweka alama yetu ya "haikupimwa" na sababu yake. Nikamwandikia kila aliyepokea jedwali kwamba kosa ni langu. Ujumbe huo niliusoma mara tisa kabla ya kuutuma. Ofisi ya vibali ikapiga hesabu upya, na akina mama wakapewa eneo lao. Nami nilipounganisha vipimo vyetu na vya wenzetu, nikaona kwenye ramani mishale ya mikondo ikishikana kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, maji yaleyale yakizunguka nchi tatu.

Kwa hiyo, mwanangu (niruhusu nikuite hivyo, ingawa nimekuzidi miaka mitatu tu), andika kasi, kina, saa na kifaa kama tulivyokubaliana wote, hata ukiwa na haraka. Usipopima, andika kwamba hukupima. Yupo mtu usiyemjua ambaye kesho ataweka chakula cha watoto wake juu ya namba yako.

Mungu akupe macho ya kuona, na pale usipoona akupe ujasiri wa kusema hujaona.