Dawa ya Kupe kwenye Sufuria ya Maziwa

Sisi tuliokulia migombani miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena, tunajua kazi. Ng'ombe yuko bandani, majani unayabeba kichwani kutoka tambarare. Jioni, maziwa ya kwanza ni ya mtoto wa mwisho. Kwetu alikuwa mdogo wangu Manka. Mimi nafagia mavi, yeye anakunywa maziwa ya moto mpaka povu linamwachia sharubu. Nilikuwa na wivu, mate yananikaa machungu mdomoni.

Josho la kijiji lilikuwa limekufa, kila mtu anaogeshea ng'ombe wake nyumbani. Baba akanunua dawa ya kupe sokoni Kiboriloni, muuzaji akampimia kwenye chupa ya soda. Ndoo yetu ilikuwa imetoboka, basi akaikorogea kwenye sufuria ya maziwa. Dawa ile ikiingia kwenye maji inakuwa nyeupe pe! Akaiacha mlangoni, akaenda kumfunga ng'ombe.

Nilimwona Manka akichota kwa kikombe. Nikanuna tu: hata leo kanitangulia.

Alipiga funda moja, akatupa kikombe. Mara jasho, mate yanamtoka kama bomba, miguu inatetemeka. Jirani akaja mbio: "Mpeni maziwa! Mtapisheni!"

Mama akamsukuma. "Maziwa ndiyo yamemponza! Nipishe!" Akamfunga Manka mgongoni, akateremka naye hospitali, baba nyuma.

"Kanywa nini, mzee?" daktari akauliza.

"Dawa ya kupe."

"Ipi? Ziko nyingi."

Baba akatoa chupa. Chupa ya soda, jina la dawa halipo. Walianza kumtibu hivyo hivyo, baba akakimbia Kiboriloni kumtafuta muuzaji, mama kashika mguu wa Manka asije akaenda.

Hakuenda. Alirudi nyumbani, akawekwa mapajani, akapikiwa mtori wenye nyama. Kahawa hachumi, majani habebi. Mimi nilitamani kuugua, nikaugua mafua tu. Mama akasema, "Pangusa pua, ng'ombe hajala."

Leo mkwe wangu ana kabati la juu lenye kufuli, humo mna nguo za sherehe. Dawa ya choo anainunua barabarani, imo kwenye chupa ya maji ya kunywa, anaiweka sakafuni. Nikamwuliza, akanionyesha mjukuu wangu: "Mama, huyu ana akili, anajua."

"Anafungua simu ya baba yake, kifuniko kitamshinda? Toa nguo humo, weka dawa, tena kwenye kopo lake lenye jina."

Ameweka. Nawaonea wivu wajukuu zangu kwa kufuli lile. Mama yetu alikuwa na macho mawili tu, na hayo yalikuwa ya ng'ombe, ya moto, na ya watoto saba. Baada ya siku ile yakawa ya Manka. Mpaka mama amekuwa ajuza, Manka akija na watoto wake kumsalimia, alichukua chai ya Manka akaionja kwanza, ndipo akampa.

Yangu hakuwahi kuionja.