Nani Anamchua Chuma Mgongo?

"Sabuni hii siijui," alisema Mama Pacha. Shati la mumewe alilishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. "Humu ndani tunaoga ya mche. Hii inanukia limau. Nani anaoga limau, Baba Pacha?"

Mumewe hakuinuka. Alikuwa chali sakafuni juu ya mkeka, miguu ameipandisha kwenye kigoda, macho yanatazama dari. Ugomvi ni kitu cha kusimamia, na kusimama kwake kulikuwa safari: ajiviringishe ubavuni kama gogo, kisha kiwiko, kisha goti, kisha ashike meza, apumzike hapo kidogo, ndipo anyooke. Mpaka afike, mke keshashinda kesi na nguo keshaanika.

"Ni ya karakana," alisema. "Ya kunawia mikono."

"Mikono yako siku hizi imefika mpaka mgongoni?"

Hapo aliona heri anyamaze. Asiyesema hanukuliwi.

Mtaani walimwita Chuma. Alikuwa fundi wa makochi, mwaka wa ishirini na sita sasa katika karakana ileile, na jina hilo alilipata ujanani siku aliyobeba kochi la watu watatu kichwani, peke yake, mpaka ghorofa ya nne. Juu ya kochi alilala paka wa mteja, na paka hakuamka mpaka walipofika. Wapo wanaosema alikuwepo paka na mwenye paka. Tusibishane, hata paka peke yake ana uzito wake. Tangu siku ile kila mzigo mzito ulipotokea watu walisema, "Muiteni Chuma," naye akaja akicheka. Mgongo ulizisikia sifa zote hizo ukanyamaza.

Ulipoanza kusema, haukusema mara moja. Ulianza kwa asubuhi za kukaza kiuno. Baadaye moto ukawa unashuka kwenye tako mpaka nyuma ya goti, na vidole vya mguu wa kushoto vinakufa ganzi. Chafya akawa anaiogopa kuliko mbwa: akiisikia inakuja hukimbilia nguzo akaikumbatia, chafya ipite. Viatu alivivaa kwa kipande cha ubao alichokichonga mwenyewe.

Miezi minane nyuma alimwambia mkewe anakwenda kutafuta kitambaa, akaenda hospitali. Akaingizwa kwenye mashine inayopiga kelele kama mafundi bati kumi, akatoka na picha. Daktari, binti mdogo wa kumzaa, akamwonyesha kwa kalamu. "Baba, kati ya pingili na pingili kuna mto mdogo. Hii yako miwili ya chini imekauka, imelala."

Chuma alielewa kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kukalia kiti kile. Alishafungua makochi mangapi akakuta sponji imelala, mbao zinasagana! "Basi tufungue tubadilishe," alisema.

Daktari akacheka kwa upole. Akasema wengi hawafunguliwi. Atembee, afanye mazoezi atakayofundishwa, asikae kitako muda mrefu, asibebe mizigo. Kuna siku itakuwa nzuri na siku itakuwa mbaya. "Utaishi nao, baba."

Akaishi nao, kimyakimya. Kwa sababu pale karakana alikuwepo Fundi Mrefu, mtu wa siku nyingi, aliyemwambia mwenye karakana kwamba kiuno kinamsumbua. Mwenye karakana akamsikitikia sana, akampa wiki mbili akapumzike. Aliporudi alikuta nyundo yake mkononi mwa mtu mwingine. Chuma aliliona lile kwa macho yake, akaapa kwamba mgongo wake hautatajwa mbele ya mtu, wala nyumbani, wala usingizini. Fundi wa makochi wa miaka hamsini na moja aliyeachishwa kwa mgongo ataanza wapi tena?

Basi kila adhuhuri akawa anajifungia stoo ya sponji, analala sakafuni robo saa. Dawa ya kuchua anayo, mkono haufiki. Akapigilia kipande cha sponji kwenye nguzo, akakilowesha dawa, akawa anajisugua hapo kama ng'ombe kwenye mti. Ilikuwa akili kubwa mpaka siku kipande kilipodondoka, na fundi mwingine, mtu wa kutotupa kitu, akakiokota akakijaza kwenye mkono wa kochi. Wiki haikuisha, mteja akarudi: kochi lake jipya linanuka mzee mgonjwa! Mwenye karakana akaingiwa na shaka. Kila jioni akawa anasimama mlangoni na miwani yake puani, ananusa mashati ya mafundi mmoja mmoja, kama anayechagua samaki. Ndipo Chuma alipoanza kuoga bombani kabla ya kutoka, kwa sabuni iliyokuwepo. Na ndivyo limau lilivyoingia kwenye ndoa.

"Umenyamaza," alisema Mama Pacha. "Haya, tuache sabuni. Stoo unajifungia na nani?"

Chuma aligeuza shingo. Kwingine kote hakukugeuka. "Nani kakwambia habari za stoo?"

"Ukuta."

"Ukuta huo una masharubu? Unaitwa Redio?"

Redio alikuwa kaka wa Mama Pacha. Alifanya kazi karakana hiyohiyo, kukata vitambaa, na jina lake lilieleza mengine yote.

"Kaka yangu muache," alisema mke. "Kaka yangu anasema kila adhuhuri mlango unafungwa kwa ndani, na mtu anaguna. Anaguna, Baba Pacha! Halafu unatoka umetulia, uso unang'aa."

"Mimi ndiye ninayeguna."

"Hilo halina ubishi. Nauliza, nani anakugunisha?"

"Mgongo," alisema, na kiapo chake kikavunjika hapohapo.

"Mgongo gani? Leo ndiyo nausikia, nao tayari una ratiba. Ijumaa hukuweza kuinua ndoo nusu. Jumamosi umemkimbiza kuku mpaka uani kwa watu, umeruka na kizingiti! Jumapili umelala kama zulia. Ugonjwa gani unaochagua siku?"

"Ndio ulivyo. Siku nyingine unaniachia, najisahau, kesho yake nalipia."

"Na dawa? Shingoni nilisikia dawa ya kuchua, mwezi ule kabla ya limau. Mimi sijakuchua. Mkono wako haufiki. Nani anamchua Chuma mgongo?"

"Nguzo."

Mama Pacha alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nguzo! Ana miaka mingapi huyo Nguzo?"

Chuma aliona maneno yamegonga mwamba. Akajiviringisha, kiwiko, goti, meza, akapumua, akanyooka. Akaenda kwenye fremu ya mlango wa chumbani, akapandisha fulana, akaegemea, akaanza kupanda na kushuka. Tumbo mbele, macho amefumba, akaguna.

Mama Pacha aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yalimtikisika. Lakini alipouachia mdomo uso ulikuwa umerudi palepale. "Unaigiza vizuri. Umefanya mazoezi."

"Hebu simama," alisema Chuma.

"Nini?"

"Inuka hapo ulipokaa."

Aliinuka kwenye kiti kikubwa, kile alichotengenezewa na mumewe. Chuma akachukua mkasi mdogo, akapiga goti kwa awamu, akafumua mshono wa nyuma wa mto. Akapitisha mkono kati ya sponji na kitambaa, akatoa bahasha kubwa ya kaki. Mama Pacha alikuwa ameikalia miezi minane, akichambua maharage juu yake, akipokea wageni juu yake.

Akaitoa picha akaielekeza dirishani. Mifupa ikaonekana imepangana kama vikombe kabatini.

"Ya nani hii?"

"Jina hilo hapo pembeni."

Alisoma jina. Akasoma tarehe. Akarudia tarehe. "Hii ndiyo siku uliyokwenda kutafuta kitambaa."

"Ndiyo. Ona hapa juu, kuna nafasi, kuna weupe. Sasa shuka huku chini. Hii mito miwili myeusi, imebaki bapa kama chapati. Sponji imelala, Mama Pacha. Na haibadilishwi."

Kidole cha Mama Pacha kilipita juu ya pingili moja moja, taratibu, kama anayegusa mtoto aliyelala. Halafu kikasimama. "Miezi minane. Mimi nalala ubavuni mwako, unanificha mgongo wako mwenyewe. Kwa nini? Au daktari kasema kitu kingine?"

"Hajasema kingine."

"Kwa nini, basi?"

"Kwa sababu ukijua wewe, Redio kajua. Akijua Redio, mwenye karakana kajua kabla ya chai ya saa nne. Umemsahau Fundi Mrefu? Mtu yule leo yuko wapi? Nikitajwa mgongo pale, nimekwisha. Ndiyo sababu naguna stoo. Ndiyo sababu naoga limau."

Mama Pacha alikaa taratibu kwenye kiti kilichofumuliwa, picha ingali mkononi. Alimtazama mumewe, kisha mlango, kisha mumewe. Chuma, aliyekuwa akitiliwa shaka asubuhi yote, sasa ndiye aliyeingiwa na shaka.

"Mama Pacha. Umefanya nini?"

"Nilikuwa na uchungu, Baba Pacha."

"Umefanya nini?"

"Nilijua ni mwanamke. Ungekuwa wewe ungejua nini? Sabuni, kuguna, mlango..."

"Sema."

"Jana nilimtuma kaka. Nilisema wewe humsikilizi mtu ila mwenye karakana. Nikasema aombwe aje, kama mtu mzima, akuulize mbele yangu mnafanya nini stoo."

"Aje lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Sasa hivi! Nifiche wapi hii? Kwenye mto haiingii upesi. Lala, Baba Pacha, ujifanye umelala! Hapana, usilale, simama! Simama wima kama mtu mzima!"

"Nishike mkono basi, goti limekwama—"

"Sema tulikuwa tunatafuta sindano. Nami nitasema hakuna mwanamke, ilikuwa uongo wangu, nilikuwa na wivu tu. Nitamwambia mgongo wako hauna hata—"

"Hodi," ilisema sauti ya Redio, na kabla ya kukaribishwa mlango ulishasukumwa. Mbele yake aliingia mwenye karakana, miwani puani. Akamwona Chuma kapiga magoti sakafuni, fulana imepanda mgongoni. Akamwona Mama Pacha dirishani anatafuta pa kuificha picha, mwanga unapita kwenye kila mfupa.