Rangi ya Vibao vya Shabaha

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa nchini, nilikuwa mtunza uwanja wa shabaha nje ya Dodoma. Nilipaka rangi vibao vya chuma ambavyo walengaji walivipiga risasi. Zamani tulipaka rangi yoyote iliyopatikana. Sasa duka la mjini lilijaa makopo mpaka darini, nikababaika.

Nilianza na nyeupe ya mafuta. Kabla haijakauka, vumbi jekundu lilishaigandia, na palipobaki peupe paling'aa juani hadi walengaji wakaniwakia, kana kwamba jua nimelileta mimi. Nikaishia kwenye nyeupe ya maji, ile ya kupaka ndani ya nyumba: inakauka upesi, na risasi ikigonga, doa linaonekana kwa mbali.

Mwenye duka akadhani najenga. "Hongera, kaka. Ni ya sebuleni?"

Nikaitikia, maana kutaja risasi dukani ni kujitafutia maswali. Safari iliyofuata akaulizia chumba cha watoto, kisha jiko. Tukaipaka nyumba nzima, mimi na yeye, na huku nalala peke yangu kwenye chumba cha kupanga Ipagala, ukuta haujapigwa hata lipu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza habari za nyumbani.

Siku moja akasema, "Sasa shemeji atatualika lini tuje tule pilau?"

Nililikumbatia kopo langu. "Bado, ndugu yangu," nikamwambia. "Rangi haijakauka."