Kapu la Daktari Aliyehama

Wietske Postma alikuwa binti wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Friesland, na alipofika Eindhoven kusoma, watu wa kusini walimcheka lafudhi yake mpaka akazoea. Alikuwa mkimya, mikono mikubwa ya kukamulia, kichwa chepesi kwa hesabu. Alipohitimu, Profesa Elbers akamchukua kwenye kundi lake la watafiti. Walikuwa wakitengeneza mfumo wa kompyuta wa kuendesha kazi za ofisini: nani aanze, nani afuate, nani atie neno la mwisho, na kompyuta yenyewe iisukume kazi kutoka kwa huyu hadi kwa yule, bila mtu kubeba faili wala kuitana koridoni.

Sehemu ya Wietske ilikuwa uthibitisho. Alichora kila kazi kwa viduara na mishale, kisha akaonyesha kwa hesabu kwamba hakuna kazi itakayoingia kwenye mfumo wao ikakosa njia ya kutokea. Elbers aliuonea fahari uthibitisho huo kuliko yeye mwenyewe. Akija mgeni tu, humvuta mpaka ubaoni. "Tazama. Popote ulipo, njia ya kutoka ipo."

Hospitali moja ya mji wa jirani ikakubali kuujaribu mfumo kwenye idara ya eksirei. Picha ikishasomwa, majibu yalikwenda yenyewe kwenye kapu la daktari, yaani sehemu yake ndani ya kompyuta. Daktari akiyafungua na kuamua, mgonjwa anaitwa. Watu waliusifu sana. Hata gazeti la mkoa liliandika.

Mwaka uliofuata Wietske akaanza kukusanya takwimu za tasnifu yake. Alitaka kujua majibu huchukua muda gani kumfikia mgonjwa. Mengi yalichukua siku chache. Yapo yaliyochukua miezi saba. Akadhani ni kosa la kuandika, maana namba ya namna hiyo hutupwa isije ikaharibu wastani, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Kisha akasema moyoni, ngoja kwanza niangalie.

Ndani ya namba ile alikuwamo mtu. Riet van Gestel, picha ya mapafu, kimeonekana kivuli, aitwe haraka. Daktari aliyepaswa kumwita alikuwa amehamia Groningen, na hakuna aliyeuambia mfumo kwamba kaondoka. Kapu lake likaendelea kupokea. Wagonjwa wengine walipoona kimya walipiga simu wenyewe, wakatafutiwa majibu yao. Riet hakupiga. Aliporudi hospitali alikuwa anakohoa damu, na kabla ya masika alikuwa keshazikwa. Familia iliambiwa ugonjwa wa namna ile hukimbia sana.

Wietske akaenda kwa Elbers, akafunga mlango nyuma yake. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hesabu yako haina kosa," alisema. "Njia ilikuwapo. Mtu ndiye hakuwapo."

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Profesa. Nilithibitisha njia. Sikuuliza kama kuna wa kuipita."

"Hospitali wana wanasheria wao. Waandikie wao, uwaachie. Sisi ni watafiti, Wietske, si mapadri."

Aliwaandikia. Walimjibu kwa kumshukuru, wakamwambia jambo linashughulikiwa. Majira yakabadilika, lisishughulikiwe. Jumamosi moja, asubuhi, akatafuta jina la van Gestel kwenye kitabu cha simu, akapanda baiskeli.

Mlango ulifunguliwa na mzee mfupi mwenye ndala za sufu. Huyo ndiye Toon, mume wa Riet, mstaafu wa kiwanda cha balbu.

"Umetoka hospitali?" aliuliza kabla hajasalimiwa. "Kitanda mlishakichukua. Kiti cha choo mmechukua. Mmenibakizia paka tu, naye hamumtaki."

"Sikuja kuchukua kitu, mzee."

"Ahaa! Mfrisia huyu! Nimekusikia." Uso wake wote ukacheka. "Pita, pita. Ila usinikamue."

Akamkalisha jikoni, akampikia kahawa, akampa biskuti moja, akafunga mkebe. Kisha akakumbuka mgeni katoka mbali, akaufungua tena, akamwongezea ya pili. Alimsimulia habari za njiwa wake wa mashindano, na jirani anayedai wanamchafulia nguo kwenye kamba. Ilikuwa dhahiri kwamba hana mtu wa kuongea naye. Wietske aliyapanga maneno yake njia nzima, lakini alipofungua kinywa yakamtoka ovyo, ya mwisho mbele, ya mwanzo nyuma, mpaka ikabidi ayarudie.

Toon aliweka kikombe chini.

"Yalikuwa yanangoja nini, hayo majibu?"

"Yalikuwa yanamngoja daktari."

"Aliyehama."

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo kompyuta yenu haikuona kwamba inangoja hewa?"

"Haikuambiwa. Kwake kila kitu kilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyethibitisha kwamba kiko sawa."

Mzee akainuka, akafungua bomba la sinki, wala hapakuwa na chombo cha kuosha. Maji yakatiririka. Alipoanza kusema alikuwa amempa mgongo.

"Alitaka kuwapigia simu. Riet. Alisimama hapo ulipo wewe, simu mkononi. Nikamwambia, wee mama, waache watu wafanye kazi! Kungekuwa na baya si wangeshakupigia? Nikamwambia, wewe Riet unapenda ugonjwa kama wenzako wanavyopenda kanivali. Akacheka. Akairudisha mahali pake."

Katika yote Wietske aliyoyawaza njiani, hili hakuliwaza.

"Angepona?" Toon aliuliza.

"Sijui. Niliwauliza madaktari wawili. Walisema labda."

"Labda." Alifunga bomba. "Ndilo neno ulilobeba kwa baiskeli kuniletea."

"Niliona ni haki yako kujua."

"Haki yangu, au usingizi wako?"

Paka aliruka juu ya kiti, hakuna aliyemtazama.

"Nilikuwa nimeshamzika, unanielewa?" Toon alisema, sauti chini kabisa. "Niligombana na Mungu msimu mzima, tukapatana. Nikasema ni ugonjwa, ugonjwa hauna mwenyewe. Sasa wewe umemfukua mke wangu. Na aliyemuua umenionyesha, anavaa ndala zangu."

"Si wewe, mzee. Kosa ni letu."

"Ninyi hamkuwapo hapa jikoni. Nenda, binti. Nenda kabla sijakosa adabu. Riet hakupenda mtu atukanwe nyumbani kwake."

Wietske alitoka akaisahau skafu yake, wala hakuthubutu kuirudia.

Binti wa Toon, Marleen, alipopata habari aliishtaki hospitali mbele ya baraza la malalamiko. Wakaomba radhi kwa maandishi, wakalipa. Mfumo ukarekebishwa: majibu yasiyofunguliwa yakahamishiwa kwa mtu mwingine, na kengele ikalia. Elbers mwenyewe ndiye aliyekazania jambo hilo. Lakini alimtoa Wietske kwenye mradi wa hospitali kwa kuwa alikwenda kwa Toon bila ruhusa, na tangu hapo wakawa wanasalimiana tu.

Siku ya kuitetea tasnifu yake, wazazi wake wakiwa mstari wa mbele na nguo zao za kanisani, mtahini mmoja alimuuliza: "Je, kungoja ni kosa?" Wietske akajibu, "Kwenye hesabu yangu, hapana." Mtahini akasubiri aongeze neno. Hakuongeza. Akapewa shahada yake.

Marleen alimpigia simu jioni moja. Alimshukuru, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeshukuru.

"Ulifanya lililo sawa. Mimi ningetaka kujua," alisema. "Lakini baba kawauza njiwa wote. Haketi mezani tena, anakula kasimama. Nikimwambia si kosa lako, ananitazama kama nimemtukana. Kwa hiyo nakuomba, usije tena."

Wietske akaahidi, na ahadi ikamshinda. Siku moja ya kiangazi alipita mtaa ule akikokota baiskeli. Toon alikuwa dirishani. Walitazamana. Mzee akanyoosha mkono, akavuta pazia, mchana kweupe, kwenye mtaa ambao pazia halifungwi mpaka taa ziwashwe.

Toon alifariki kabla mwaka haujageuka. Wietske aliona tangazo gazetini, akaenda kanisani, akakaa benchi la nyuma kabisa. Baada ya mazishi watu waliitwa ukumbini kwa kahawa na mikate ya soseji. Marleen alimwona, akampita na sinia, kisha akarudi akamwekea kikombe.

Mama mmoja wa ukoo akaketi karibu yake. "Na wewe ulimjuaje Toon wetu?"

"Nilimtembelea mara moja," Wietske alisema.

"Alikuwa mcheshi, eh?"

"Ndiyo," akasema. "Nilipofika alikuwa mcheshi sana."