Kijiti cha Kompresa

Kwa miaka mingi kompresa ya gereji haikuwaka bila fundi waliyembandika jina la Kijiti. Stata yake, swichi ya kuwashia mota, ilikuwa imechoka, na ni yeye tu aliyejua kuisukuma kwa kijiti kikavu mpaka mota ishike. Leo shemeji yake, fundi umeme, alikuwa anafunga stata mpya huku wapiga rangi wamemzunguka.

"Kijiti, hicho sasa chokonolea meno," mmoja alisema. Wakacheka.

Wivu ulimchoma Kijiti. Hapo akaona kwamba kinga, ile inayokata umeme mota ikielemewa, shemeji ameiweka juu mno. Akinyamaza, mota itaungua na shemeji ataumbuka mbele ya wote. Aliionja kidogo raha hiyo. Kisha akajiona mharibifu.

"Shemeji, shusha hiyo kinga. Utatuunguzia mota."

Shemeji alisoma kibati chenye vipimo vya mota, akaishusha. "Umeniokoa, shem. Haya, washa wewe."

Alibonyeza. Kompresa ikanguruma papo hapo, kana kwamba haikuwahi kumhitaji. Wivu ulikuwa bado unamchoma. Akakitia kijiti mfukoni kabla mtu hajakitupa.