Mbuzi wa Mkwe Wangu

Majina ya watu wote niliokutana nao Uholanzi ninayo kichwani, hata la yule jirani mwenye mbwa wawili wanene, lakini hapa siyataji. Wengine wataona haya. Na mmoja ni mkwe wangu, ambaye jina lake, kwa desturi yetu, silitamki hata nikiwa peke yangu.

Kwetu Magu, nilikozaliwa, mama hakutani ovyo na mume wa binti yake. Akimwona njiani anapisha. Hali naye, hampi mkono, mpaka mkwe atoe mbuzi wa kufungua heshima hiyo. Si chuki. Kumkimbia mkwe ndiko kumheshimu, na ukimkimbia mbali zaidi umemheshimu zaidi. Huyu Mholanzi alipokuja kwangu Buswelu kutoa mahari, wazee walimpokea sebuleni, mimi nikabaki jikoni nachungulia chini ya pazia. Niliona miguu tu. Mirefu. Mbuzi wa kufungua akasahaulika, maana kila mtu alikuwa anashughulika na picha.

Basi mwaka jana binti akanitumia tiketi nikapumzike kwake. Natoka uwanja wa ndege nasukuma toroli la mizigo, namwona binti yangu, na pembeni yake ile miguu. Kwao kusalimia ni kubusiana mashavuni, tena si mara moja. Akaja amekunjua mikono, "Shikamoo mama," vizuri kabisa. Mimi nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya masanduku, khanga kichwani, naitikia "Marahaba baba" kutoka huko chini. Mpita njia akadhani nimeanguka, akaniletea maji.

"Mama, inuka," binti akasema. "Huku hakuna mambo hayo."

"Mambo hayo yanasafiri na mwenyewe," nikamwambia.

Nyumba yao ni nyembamba kama kabati, imepanda kwenda juu tu, na ngazi yake ni ya mtu mmoja. Mimi nimekulia kwenye mawe, nimepanda vilima vya Mwanza na ndoo kichwani, lakini ngazi ile ilinishinda kwa sababu ya mkwe. Nikisikia anapanda, narudi juu kinyumenyume. Akinisikia nashuka, kwa adabu yake anasimama chini kunipisha, anatabasamu. Basi yeye chini, mimi juu, chai inapoa. Siku moja niliingia stoo ya mifagio ili apite, kumbe koti lake limo humo. Akafungua mlango. Nikageukia ukutani. Akachukua koti taratibu, akafunga mlango kama alivyoukuta.

Chakula nilikula jikoni, nimeelekea dirishani. Watu wa kule hawafungi mapazia, kwa hiyo mtaa mzima uliniona natafuna. Yule jirani wa mbwa akawa ananipungia mkono, nami nampungia kijiko.

Nilikuwa nayacheka hayo moyoni, mpaka asubuhi moja binti alipokuja kuosha vyombo nami, macho mekundu.

"Mama, siku hizi anakula kazini. Anasema humpendi. Kwamba umemwona, umemkataa."

"Si ulimweleza?"

"Nimemweleza ni desturi. Ananiuliza, desturi gani hiyo inamfungia mtu na mifagio?"

"Na habari ya mbuzi ulimwambia?"

Akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. "Niliona aibu, mama. Mbuzi, huku?"

"Mwambie. Mimi nitapanda ndege nirudi Buswelu, wewe ndiye unayebaki naye."

Nilisema kwa ukali, lakini nilikuwa na hofu. Nilikuja kupumzika, sikuja kubomoa nyumba ya mwanangu kwa heshima yangu.

Jumapili mkwe akarudi na baiskeli, nywele zimesimama kwa upepo, kifurushi kwapani. Akakiweka kwenye kizingiti cha jiko, akarudi nyuma. Binti akatafsiri.

"Anasema mbuzi mzima hawezi ngazi hii, na majirani wataita polisi. Amekwenda kwa mfugaji, ameleta jibini la maziwa ya mbuzi. Anauliza kama linafaa."

Nikalifungua. Duara, jeupe, zito. Jambo kama hilo sikuweza kuliamua peke yangu. Nikampigia dada yangu mkubwa, yuko Magu, kwa ile simu ya kuonana.

"Ana pembe?" dada akauliza.

"Hana, dada. Ni maziwa yaliyogandishwa."

"Amemleta mwenyewe au ametuma mtu?"

"Mwenyewe. Kwa baiskeli."

Nikasikia kuku wake wanaparua. "Hebu mnuse."

Nikanusa. Jamani, harufu ya beberu ilinipanda mpaka utosini. Nikajiona nimesimama zizini kwa baba yangu.

"Ni mbuzi," nikasema.

"Basi kaa mezani ule. Na unibakishie paja."

Nikatoka jikoni. Mkwe akanivutia kiti, nikaketi mbele yake, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Kumbe ana mwanya, kama marehemu mume wangu. Akakata jibini, akanipa kipande cha kwanza. Kilikuwa na chumvi na sikukipenda, lakini nilikimaliza, nikalamba na vidole ili aone. Kisha nikampa mkono. Akaushika kwa mikono yote miwili, na kwa furaha akainama kuniletea lile shavu lake.

Nikarudi nyuma pamoja na kiti.

"Mwambie," nikamwambia binti, "mbuzi amefungua mkono na meza. Hayo mashavu ni ng'ombe."

Binti alitafsiri huku ameshika mbavu. Mkwe hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema neno, na binti akashindwa kulitafsiri mpaka alipofuta machozi.

"Anauliza, huyo ng'ombe naye anaruhusiwa kuwa wa jibini?"